Maswali ya Bustani: Majani ya Rangi Yanapofifia, Kurefuka na Kuoza

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mimea inayopandwa kwa ajili ya majani yake, wala si maua. Koliasi ndiyo iliyotawala, na si ajabu: kuanzia Kisumu hadi Nakuru, ukisimama kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara utaikuta imepangwa mbele kabisa. Kwa wasiolifahamu jina hilo, ni ule mmea laini wenye shina la pembe nne na majani yanayotoka mawili mawili, mekundu, zambarau, manjano au yenye mchanganyiko wa hizo zote. Jina lake la kitaalamu ni Coleus scutellarioides, na ni wa ukoo mmoja na rehani na mnanaa.

Niweke mbolea ya CAN kiasi gani ili rangi irudi?

*Nilinunua koliasi nyekundu yenye ukingo wa manjano nikaipanda chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Baada ya miezi mitatu imekuwa ya kijani iliyofifia na shina limerefuka mno. Jirani ameniambia niweke CAN. Niweke kiasi gani? – Msomaji, Mamboleo, Kisumu*

Usiweke hata chembe. Wasomaji wengine kadhaa wameuliza swali lako kwa maneno tofauti, na wote wanatafuta ndani ya gunia kitu kilichoko juani.

Wekundu na uzambarau wa jani hutokana na anthosayanini, ambayo koliasi huitengeneza kwa wingi ikipata mwanga. Chini ya mwembe wenye majani mengi mmea hubadili mkakati: hupunguza anthosayanini na kutegemea zaidi klorofili, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula, ili unase mwanga kidogo uliopo. Shina nalo hurefuka kuutafuta. CAN ina naitrojeni asilimia 26 hivi, na naitrojeni huongeza ukijani na ulaini. Ukiiweka utapata mmea mkubwa zaidi, mlegevu zaidi na wa kijani zaidi.

Hamishia koliasi upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la saa moja hadi saa nne au saa tano asubuhi, kisha kivuli cha ukuta. Jua la saa saba Kisumu ni kali mno kwa aina nyingi. Kumbuka pia kwamba tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba hupita upande wa kaskazini, na miezi inayobaki hupita kusini. Kitanda kilicho kaskazini mwa ukuta kinaweza kuwa kivulini Desemba na kuchomwa na jua Juni bila mtu kugusa kitu, na hapo ndipo watu huanza kununua dawa za ugonjwa usiokuwapo. Mashariki hakuna taabu hiyo.

Usiutoe mmea kivulini na kuuweka juani siku hiyo hiyo. Ung'oe na udongo wake, uweke kwenye chungu, uupe saa moja ya jua la asubuhi kwa siku mbili, saa mbili kwa siku mbili zinazofuata, na kuendelea hivyo hadi siku ya kumi. Majani ya zamani hayatabadilika sana. Tazama jozi mbili za juu baada ya wiki tatu hivi. Hizo ndizo zitakazokuambia kama mahali panafaa.

Mambo yanaweza kuwa kinyume: rangi ikipauka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba, na kingo zikawa kavu na za kahawia, jua limezidi. Aina zenye majani ya giza, zambarau iliyokolea au nyekundu ya damu ya mzee, huvumilia jua kuliko zenye manjano au weupe mwingi. Kunyauka saa nane mchana na kusimama tena magharibi si ugonjwa. Mmea usiosimama hadi asubuhi ndio wa kukaguliwa mizizi.

Kuhusu mbolea, koliasi ya ardhini inatosheka na mboji kilo mbili kwa kila mita ya mraba, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli. Iliyo kwenye chungu ipe NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5 hivi, iliyolowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji na kuchujwa, mara moja kila wiki tatu. Mwagilia maji matupu kwanza. Mbolea ikikuta udongo mkavu, chumvi yake huunguza mizizi.

Mashina marefu, chini uchi

*Koliasi zangu zina mwaka mmoja na nusu. Zimefika kiunoni, majani yako juu tu, na zimetoa masuke ya maua ya buluu. Maua niyaache? – Msomaji, Kakamega*

Yakate. Nyuki watanung'unika, lakini tawi lililotoa suke limemaliza kazi ya kutoa majani makubwa. Nguvu inaelekea kwenye mbegu, majani yanayofuata yanakuwa madogo na shina linakuwa gumu. Likate suke mara linapochomoza, pamoja na jozi ya majani iliyo chini yake.

Hayo mashina yaliyo uchi ni matokeo ya kilele kutofinywa mmea ulipokuwa mdogo. Kilele hutengeneza homoni iitwayo oksini ambayo huyalaza macho yaliyo kwenye makwapa ya majani ya chini. Mche ukiwa na jozi nne za majani, urefu wa sentimita 12 hadi 15, ukiondoa kilele kwa kucha juu tu ya jozi ya tatu, macho mawili yaliyo hapo huamka na shina moja huwa mawili. Yakifikisha jozi tatu kila moja, finya tena, unapata manne. Mche uliofinywa mara tatu huwa kichaka cha duara kisichohitaji kijiti cha kuuegemeza. Wauzaji wengi hawafinyi kwa sababu mche mrefu huuzika haraka, kwa hiyo kazi hiyo ni yako siku ile ile unapoufikisha nyumbani, hata kama roho inauma kukata kitu ulichokilipia.

Kwa mmea wako wa kiunoni, subiri mvua ianze kushika, kisha kata matawi nusu tu, ukihakikisha kila kisiki kina walau vifundo viwili vyenye majani. Yakichipua, baada ya wiki nne hivi, kata nusu iliyobaki. Usishuke hadi kwenye sehemu ngumu isiyo na jani. Mara nyingi haichipui, inakauka kuelekea chini. Vilele ulivyokata vioteshe. Kwa kweli tungeuona mmea wa zamani kama chanzo cha vipandikizi tu. Koliasi huishi miaka kadhaa katika hali yetu ya hewa, lakini uzuri wake hupungua baada ya mwaka, na aliye na bustani nzuri ya koliasi ni yule anayeotesha mipya kila msimu.

Vipandikizi vinaoza

*Nimejaribu kuotesha matawi ya koliasi kwenye glasi ya maji na kwenye mchanga. Ya maji yananuka baada ya siku tano, ya mchanga yanakuwa meusi chini. Wenzangu wanasema ni mmea rahisi kuliko yote! – Msomaji, Bungoma*

Wenzako hawakosei, ila urahisi wake una masharti machache ambayo mtu huyafuata bila kujua au huyavunja bila kujua.

Kata asubuhi, kabla ya saa tatu, mmea ukiwa umejaa maji. Chagua kilele kisicho na suke la maua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, chenye vifundo vitatu au vinne. Tumia wembe mpya. Kisu butu huliminya shina, na sehemu iliyominywa ndiyo inayoanza kuoza. Kata nusu sentimita chini ya kifundo, kwa maana mizizi hutoka kwa wingi hapo. Ondoa majani yote ya nusu ya chini. Majani ya juu yakiwa mapana kuliko kiganja, yakate nusu kwa upana ili yasipoteze maji mengi.

Ukitumia maji, kifundo kimoja au viwili tu ndivyo vizame, na jani lolote lisiguse maji. Hilo ndilo linalonuka kwako, karibu tuna hakika: jani lililozama hufa, bakteria huzaana, shina linafuata. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Chupa ya kahawia au mkebe ni bora kuliko glasi angavu, kwa sababu mwanga huotesha ukungu wa kijani majini. Weka penye mwanga lakini si juani. Mizizi huonekana kati ya siku 7 na 14. Ikifika sentimita 2 hadi 3, hamisha. Ukiiacha hadi ijae chupa, itakuwa mirefu na myepesi kuvunjika, na mmea utashtuka sana ukiingizwa udongoni.

Ukitumia mchanga, tumia wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke safi, uchanganye nusu kwa nusu na mboji iliyochekechwa. Mchanga mtupu wa kujengea huwa na vumbi la mfinyanzi linaloziba hewa. Loanisha, kisha kamata mchanganyiko mkononi ukaminye: yakidondoka matone mawili matatu, sawa; yakitiririka, umezidisha. Toboa tundu kwa kijiti kwanza, usilisukume shina lenyewe. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa kimefunguliwa, na uweke kivulini. Chupa iliyofungwa ikipigwa na jua la Bungoma hupika kilicho ndani kwa saa moja. Baada ya wiki mbili vuta jani polepole. Likikataa kuja, mizizi ipo.

Dawa ya kuchochea mizizi ya agroveti haihitajiki kwa koliasi. Hifadhi pesa zako kwa waridi.

Udongo mweusi wa Ahero

*Huku kwetu udongo ni ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Koliasi na krotoni zinakufa mwezi wa Aprili, wakati maji yamejaa. Niongeze mchanga? – Msomaji, Ahero*

Mchanga kidogo hautasaidia. Mfinyanzi huumeza na udongo unabaki vile vile. Mizizi ya koliasi inahitaji hewa, na udongo huo ukishalowa hauna nafasi ya hewa. Dawa ni kupanda juu yake, si ndani yake.

Jenga tuta la mita 3 kwa mita 1, lenye kimo cha sentimita 30, ulizungushie mawe au mbao. Linachukua debe 45 za lita 20. Mchanganyiko tunaoupendekeza ni debe 20 za udongo mwekundu wa vilimani, debe 10 za samadi iliyooza vizuri au mboji, debe 10 za maganda ya mpunga na debe 5 za mchanga wa mto. Maganda mnayo bure au kwa bei ya chini kwenye vinu vya mpunga, na ni hazina: yana silika nyingi, huoza polepole, na huacha udongo ukiwa umeachana kwa muda mrefu. Yaloweke na kuyarundika wiki moja hadi mbili kabla ya kuyachanganya, ili punje zilizopenya kinuni ziote na uzing'oe, la sivyo utavuna mpunga katikati ya maua.

Panda kwa nafasi ya sentimita 40 kwa koliasi na mita moja kwa krotoni. Tandaza juu makapi ya miwa kutoka viwandani, unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Yawe juu tu: ukiyachanganya mabichi ndani ya udongo, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mmea naitrojeni na majani yanageuka njano. Magugu maji ya ziwani yanafaa pia kama matandazo baada ya kukaushwa juani. Karibu yote ni maji, kwa hiyo mkokoteni mzima ukikauka hubaki kidogo sana. Usikadirie kwa macho.

Ncha za majani zinakauka kila mwaka

*Nina kodilaini za majani ya waridi na drasena za mistari kwenye veranda. Kila mara ncha huwa za kahawia, kisha kingo, ingawa namwagilia maji ya kisima kirefu bila kukosa. Koliasi zilizo karibu nazo, zinazopata maji hayo hayo, hazina shida. Nimeongeza maji, nikapunguza, bado. – Msomaji, Lanet, Nakuru*

Umeshajitolea jibu kwa kutaja koliasi. Tatizo linalowezekana zaidi ni floraidi.

Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Nakuru na Bonde la Ufa yana floraidi nyingi inayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo cha maji ya kunywa. Kodilaini, drasena nyingi na ule mmea wa buibui wenye majani membamba ni dhaifu sana mbele ya floraidi. Zinaweza kuungua hata chini ya miligramu 1 kwa lita. Mizizi huifyonza pamoja na maji, maji yanatoka majani yakipumua, floraidi inabaki. Husafiri hadi mwisho wa jani na kurundikana huko, ndiyo maana ncha hutangulia, kingo zikafuata. Kadiri unavyomwagilia zaidi ndivyo unavyoongeza sumu. Koliasi na krotoni hazimo katika kundi hilo dhaifu.

Kuyachemsha maji hakusaidii. Mvuke huondoka na floraidi hubaki imekolea zaidi. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini tu. Chujio la mkaa wa mifupa, linalotumika Nakuru kwa maji ya kunywa, huipunguza kweli, lakini ni gharama kuwanyweshea maua.

Tumia maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba kwa mvua ya milimita 10 hutoa lita 400. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kupotea, zinabaki 320. Kwa vyungu kumi vya veranda hayo ni maji ya wiki nyingi. Acha mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe vumbi la bati kabla hujaanza kukinga.

Chungu kilichozoea maji ya kisima kioshe: kiweke mahali panapopitisha maji, mimina maji ya mvua ya ujazo mara mbili au tatu wa chungu, polepole, yatoke chini. Kisha pima ukali wa udongo kwa karatasi za kupimia. Ukiwa chini ya pH 6, changanya chokaa ya kilimo gramu 20 hivi kwa kila lita 10 za udongo. Kalisi iliyo ndani ya chokaa hushikana na floraidi na mizizi haiipati kwa urahisi. Ukiwa juu ya 6.5 tayari, usiongeze chokaa. Epuka kabisa mbolea za superfosfeti, TSP ikiwemo, kwenye mimea hii, kwani hutengenezwa kwa mwamba wenye floraidi na kiasi chake hubaki ndani.

Jani lililoungua halitapona. Kata sehemu kavu kwa mkasi ukifuata umbo la ncha, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata kwenye kijani, kovu jipya litakauka pia. Ukaguzi mmoja kabla ya yote haya: kama udongo wa juu una ukoko mweupe, huenda ni chumvi ya mbolea. Tiba ya kuosha chungu ni ile ile, ila hapo punguza mbolea kwa nusu.

Pamba nyeupe na sisimizi

*Kwenye makwapa ya majani kuna vitu vyeupe kama pamba, vinanata, na sisimizi wanapanda na kushuka. – Msomaji, Nyalenda, Kisumu*

Hao ni vidung'ata. Hunyonya utomvu na kutoa umajimaji mtamu. Sisimizi huufuata, na kwa malipo huwafukuza wadudu wanaowala vidung'ata. Ukiwaacha sisimizi, vita haviishi.

Tenga mmea leo. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa na umguse kila mdudu. Ile nta inayomkinga inayeyuka. Kisha nyunyizia sabuni ya maji mililita 5 kwa lita moja, jioni, hasa chini ya majani. Jaribu kwanza kwenye jani moja usubiri siku mbili, maana majani ya koliasi ni laini na sabuni nyingine huyababua. Rudia kila baada ya siku saba, mara tatu. Mara moja haitoshi kwa sababu mayai yaliyo ndani ya ile pamba hunusurika na kuanguliwa baadaye. Miguu ya meza ya vyungu ipake grisi kuwazuia sisimizi. Mmea uliofunikwa wote, kata vilele safi viwili vitatu vya kuotesha, uliobaki uchome. Usiutupe kwenye mboji.

Pekua mizizi pia: kuna aina inayoishi udongoni, na asiyeiona hupoteza muda akinyunyizia majani tu.

Majani yanajikunja na kudondoka

*Mvua ikizidi, koliasi hupata mabaka ya kahawia yasiyo na umbo, majani yanajipinda na kuanguka. Chini yake asubuhi naona ukungu wa kijivu. – Msomaji, Kisii*

Huo ukungu wa asubuhi unatambulisha ubwiri unyoya, ndugu wa ule unaoshambulia rehani. Hupenda majani yaliyolowa muda mrefu na usiku wa baridi kiasi. Ng'oa mimea iliyoathirika vibaya na kuifukia au kuichoma, ongeza nafasi hadi sentimita 45, mwagilia udongo badala ya majani, na iwe asubuhi. Dawa za shaba hukinga majani mazima lakini haziponyi yaliyougua. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Usichukue vipandikizi kwenye mmea uliougua hata kama tawi linaonekana zima.

Mabaka yakitokea siku moja baada ya mvua ya mawe, hayo ni majeraha tu.

Mbegu

*Je, mbegu za koliasi niliyonayo zitatoa rangi ile ile? – Msomaji, Busia*

Hapana, zitatoa mchanganyiko. Anayetaka rangi ile ile aoteshe vipandikizi. Ukitaka bahati nasibu, mwaga mbegu juu ya udongo uliochekechwa na kuloweshwa, usizifunike kwa udongo kwa kuwa zinahitaji mwanga kuota, weka kioo juu, na subiri wiki mbili hadi tatu. Usiing'oe miche midogo inayochelewa ukabakiza minene. Mara nyingi ile michelewaji ndiyo yenye rangi nzuri zaidi, kwa sababu ina klorofili kidogo.

Tawi la kijani

*Koliasi ya madoadoa imetoa tawi moja la kijani kitupu na linakua haraka kuliko mengine. – Msomaji, Mbale, Vihiga*

Likate leo, pale linapoanzia. Lina klorofili nyingi, linatengeneza chakula kingi, na baada ya miezi michache litayafunika yale ya rangi. Likitokea tawi lenye rangi mpya unayoipenda, hilo lioteshe peke yake. Aina nyingi zinazouzwa zilianza hivyo.

Baridi ya Molo

*Kila Julai koliasi zetu zinageuka nyeusi na kufa. Kuna mmea wa majani ya rangi unaovumilia baridi? – Msomaji, Molo*

Koliasi hudumaa chini ya nyuzi 13 hivi, huumia chini ya 10, na jalidi moja huiua. Kwenu, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ni mmea wa chungu wa kuingizwa ndani kuanzia Juni hadi Agosti, au mnaweza kuhifadhi vipandikizi vyake kwenye maji dirishani na kupanda upya Septemba.

Kwa kitanda cha nje, tafuteni hyukera, Heuchera kwa jina la kitaalamu, mmea wa Amerika Kaskazini wenye majani ya zambarau, shaba, chungwa au kijani cha limau, unaostahimili jalidi bila kutetereka. Si rahisi kuipata kwenye vitalu vya barabarani, kwa hiyo agizeni mapema. Ipandwe sentimita 35 kati ya mmoja na mwingine, mahali penye jua la asubuhi na udongo usiotuamisha maji, kitako kikiwa sawa na uso wa udongo. Kikifukiwa sana huoza. Baada ya miaka miwili au mitatu kitako huinuka na kuwa kishina kigumu kilicho hewani. Hapo ng'oa, gawa vipande vyenye mizizi, tupa sehemu ngumu, na upande tena hadi usawa wa majani ya chini. Kisumu usiijaribu, joto la usiku litaichosha. Wakati mnaisubiri, jeranio zenye mkanda wa rangi kwenye majani zitafaa, mradi hazipigwi na jalidi moja kwa moja.

Mtoto na mbuzi

*Mtoto wangu ana mwaka mmoja na anatia kila kitu mdomoni, na mbuzi wa jirani huvuka ua. Kati ya mimea hii upi ni hatari? – Msomaji, Free Area, Nakuru*

Koliasi inaweza kumsumbua tumbo mbwa au paka, si zaidi ya hapo kwa kawaida. Unayopaswa kuihamisha ni kaladiamu, ile ya majani yenye umbo la moyo, mekundu na meupe, pamoja na difenbakia, ule mmea wa ndani wenye majani mapana yenye madoa meupe. Zina fuwele za okzaleti zinazochoma ulimi na koo na kuvimbisha. Mtoto akitafuna, mfute na kumsuuza mdomo, mpe maji au maziwa baridi kidogo, na akianza kuvimba au kupumua kwa shida mpeleke hospitalini mara moja na kipande cha jani mkononi. Krotoni ina utomvu unaowasha ngozi na kuacha madoa kwenye nguo, kwa hiyo vaa glavu unapoipogoa, na usiwatupie mbuzi matawi yake.